Barua ya wazi kwa viongozi wa Dar es Salaam: somo la lishe lianzie mapumziko ya saa nne

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia; Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI; Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam; Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na wa Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni; pamoja na maafisa elimu, maafisa lishe na madiwani wetu.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Nimefundisha shule za msingi za mkoa huu mpaka nilipostaafu, na sasa ni mjumbe wa kamati ya shule moja huku Mbagala. Nawaandikia kuhusu kile wanachokula watoto wetu tangu wanapotoka nyumbani alfajiri mpaka wanaporudi mchana. Mada ya lishe nimeifundisha miaka mingi, na watoto wanaijua. Mwulize mwanafunzi wa darasa la nne mlo kamili ni nini, atakujibu bila kukwama, na makundi ya vyakula atakutajia kwa mpangilio. Kengele ya saa nne ikilia, mtoto huyo huyo anakimbilia getini na mia tano yake mkononi kununua mihogo ya kukaanga, krispi na juisi ya unga wa rangi. Alichofundishwa anakikumbuka vizuri. Ila pale getini hakuna kingine cha kununua.

Ndiyo maana siombi somo jipya. Ratiba imejaa, walimu wamelemewa, na kuna madarasa hapa mjini ambayo mwalimu mmoja anasimama mbele ya watoto zaidi ya mia. Ninachoomba ni kwamba mapumziko ya saa nne yenyewe yawe somo. Mtoto hujifunza kula kwa kula: kila siku, pamoja na wenzake, mpaka ulimi na tumbo vizoee. Ubao na chaki peke yake haviwezi kazi hiyo.

Tuangalie siku ya mtoto wa Chamazi, Kivule au Goba. Anaamka kungali giza ili awahi daladala. Kama nyumbani kuna chochote, ni chai ya rangi yenye sukari na andazi. Wengi wanatoka hivi hivi. Saa nne njaa imemkamata, ananunua kinachoshibisha haraka. Hesabuni alichokula mpaka hapo: unga wa ngano, mafuta na sukari, kisha muhogo, mafuta na chumvi, kisha maji ya rangi yenye sukari nyingine. Hakuna tunda, hakuna mboga ya majani, hakuna kunde, hakuna dagaa. Anarudi darasani tumbo limejaa, lakini mwili haujapata cha kujengea damu wala misuli, na kufika saa sita anasinzia juu ya daftari la Hisabati. Wapo pia wanaosoma kwa zamu, wanaoingia mchana wakiwa hawajala chakula cha mchana kabisa.

Kushiba na kulishwa vizuri ni mambo mawili tofauti, na nchi yetu imelijua hilo kwa uchungu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa ulioongoza ulikuwa Iringa, ambako ni zaidi ya nusu ya watoto, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa. Mikoa hiyo ndiyo inayolima mahindi tunayoyala hapa Dar es Salaam! Ghala limejaa na mtoto amedumaa, na sababu mojawapo kubwa ni sahani yenye ugali mwingi na mboga kiduchu. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Wasichana wetu wa darasa la sita na la saba ndio wanaoingia katika umri huo, wakiwa na chai ya rangi asubuhi na chai ya rangi jioni, na mara nyingi hakuna aliyewaambia kwamba chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, wakati chungwa moja baada ya maharage husaidia madini hayo yafyonzwe. Hilo ni jambo dogo, halina gharama, na lingeweza kufundishwa kwenye foleni ya chakula kwa dakika mbili.

Nizungumzie na namna tunavyofundisha, maana hapo pana jeraha ambalo viongozi wengi hamlioni. Picha za mlo kamili tunazowaonyesha watoto zina nyama, mayai, glasi ya maziwa, tofaa jekundu, wakati mwingine hata jibini. Mtoto wa fundi viatu anaangalia picha ile, anaangalia kwao, anahitimisha kwamba mlo kamili ni wa watu wengine. Kwenye mtihani anaandika nyama na maziwa na kupata vema. Nyumbani, akiwekewa ugali wa dona, dagaa na matembele, anaona haya. Na sahani ile ndiyo yenyewe hasa! Dagaa analiwa na mifupa yake, kwa hiyo anampa mtoto protini na kalsiamu kwa pamoja. Dona lina kiini na pumba ambavyo sembe imenyang'anywa mashineni. Matembele yana vitamini A na madini. Ongeza kipande cha papai, hakuna cha kudai zaidi. Wizara ya Afya na Taasisi ya Chakula na Lishe zilishatoa mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji mwaka 2023. Naomba yaliyomo yafike darasani yakiwa na sura ya soko la Mbagala Rangi Tatu, Buguruni na Mabibo: choroko, kunde, mchicha, kisamvu, mlenda, viazi lishe, ubuyu usiotiwa rangi, ndizi, embe la msimu. Mwalimu apewe ruhusa, na hela kidogo ya mfuko, kwenda sokoni na wanafunzi wake wapange mlo wa familia kwa bei halisi za siku hiyo. Tuliofundisha zamani Sayansikimu, yaani somo la upishi na kazi za nyumbani, tulipika na watoto, wakachambua mchicha kwa mikono yao. Somo lile lilipoondolewa kwenye ratiba na mambo yake kuingizwa katika Stadi za Kazi, jiko lilibaki kwenye kurasa za kitabu.

Sasa nije kwenye chakula cha shuleni, ambacho ndicho kiini cha barua hii.

Mwongozo wa kitaifa wa utoaji wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi upo, na unawataka wazazi na jamii wachangie chakula. Nauunga mkono kwa moyo wote. Elimu bila malipo iliyoanza mwaka 2016 haikuwa na maana kwamba mzazi aache kumlisha mwanawe. Lakini Waheshimiwa, utaratibu wa michango unaofaa kijijini haufai hapa mjini. Mkulima wa Ludewa anaweza kuleta debe la mahindi na la maharage baada ya mavuno, akawa amemaliza. Mzazi wa Mbagala ni dereva wa bodaboda, mchukuzi wa Kariakoo, muuza samaki wa Feri, msaidizi wa nyumba ya watu. Hana mavuno, ana hela ya leo. Ukimdai mchango wa muhula mzima kwa mkupuo, anakaa kimya, anaacha kuja kwenye vikao, na mwisho anaandikwa kwamba ni mzazi asiyejali. Mzazi huyohuyo anampa mtoto mia tano kila asubuhi ya kununulia mihogo. Hela ipo, inatoka kidogo kidogo. Ruhusuni shule zikusanye kwa wiki, kwa simu, moja kwa moja kwenye akaunti ya shule yenye stakabadhi, na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi. Wazazi wengi wamekatishwa tamaa zaidi na kutoona hesabu kuliko na kiasi chenyewe.

Na kuna jambo linaloniumiza kuliko yote. Nimeona, katika shule ambayo sitaitaja, watoto ambao wazazi wao hawajachangia wakitolewa kwenye foleni ya uji mbele ya wenzao, wakapewa ufagio wafagie uwanja mpaka wenzao wamalize. Mtoto wa miaka saba hana deni. Deni ni la mzazi, na mzazi ana simu, ana mtaa, ana mjumbe wa shina anayemfahamu. Naomba waraka mfupi utoke, ukisema bila kuzungukazunguka kwamba mtoto yeyote aliyeko shuleni wakati wa chakula anakula, na mambo ya mchango yanamalizwa na watu wazima ofisini. Na kwa watoto ambao kweli hawana wa kuwachangia, na kila mtendaji wa mtaa anawajua, halmashauri iwabebe.

Chakula chenyewe si lazima kiwe cha ajabu. Uji wa dona wenye karanga unatosha kuanzia. Unga wa mchanganyiko unaouzwa ghali madukani kwa jina la lishe tunaweza kuuacha. Ila anayenunua afundishwe kukagua, maana mahindi na karanga zilizoota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kuchemshwa. Kwa shule zinazoweza mlo wa mchana, makande ni chakula chenye akili nyingi sana: kinachopungua kwenye protini ya mahindi kinajazwa na maharage, na kinachopungua kwenye maharage kinajazwa na mahindi. Yakilowekwa usiku kucha yanaiva haraka na kula nishati kidogo. Yakitiwa nazi na mchicha, yakifuatiwa na kipande cha chungwa, mtoto amekula vizuri kuliko watoto wengi wa wenye uwezo wanaobebeshwa biskuti na juisi ya boksi.

Tatizo kubwa ni jiko. Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Ni agizo zuri. Wapishi wetu wamevuta moshi vya kutosha. Lakini jiko la gesi la shule yenye watoto elfu mbili, pamoja na sufuria zake, banda lake na tangi la maji, halinunuliwi kwa mia tano mia tano za wazazi. Hapo ndipo tunapoihitaji halmashauri iingie na fedha zake za ndani. Sisi wazazi tutabeba chakula, ninyi mtubebee jiko na maji.

Japani ilitunga mwaka 2005 sheria ya msingi kuhusu elimu ya chakula, na kule mlo wa mchana wa shule unahesabiwa kuwa sehemu ya mafunzo: watoto wanapakuliana, wanakula na mwalimu wao darasani, kisha wanasafisha. Hatuhitaji utajiri wa Japani ili mwalimu wa Temeke akae na wanafunzi wake akinywa uji uleule wa sufuria ileile. Mtoto anayemwona mwalimu wake akila mboga za majani kwa hamu amefundishwa kuliko yule aliyekaririshwa faida zake. Kwa hiyo, walimu nao waingizwe kwenye hesabu ya chakula, na wasitazamwe kama wanaokula cha watoto.

Kuhusu akina mama wanaouza getini, nawaomba sana msiwafukuze. Kila suala hili likiletwa kikaoni, yupo anayependekeza mgambo. Wengi wao ni mama wa watoto hao hao wanaosoma ndani, na sare imenunuliwa kwa hela ya mihogo. Isitoshe, ukimwondoa getini anahamia ng'ambo, na mtoto anavuka barabara ya malori kumfuata. Wanauza kinachotoka, na kinachotoka kinaweza kubadilika. Kwenye shule yetu yupo mama aliyeanza kuleta mahindi ya kuchemsha, ndizi mbivu na machungwa yaliyomenywa, kwa bei ileile ya krispi, na mara nyingi yanaisha kabla kengele ya kurudi darasani haijalia. Muhogo wa kuchemsha kwa nazi, ukiwa wa moto, watoto wanaupenda. Kunde za kuchemsha wanazipenda. Anayesema watoto wa mjini hawali hivyo hajawahi kuwawekea mbele yao.

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya akina mama wanaouza mashuleni vipewe nafasi ya mbele katika mikopo hiyo, kwa makubaliano yaliyoandikwa na kamati ya shule: tunda liwepo kila siku, mafuta yaliyokwishakuwa meusi yasirudiwe, chakula kifunikwe, pawe na ndoo ya bomba na sabuni, vinywaji vya unga wa rangi viondoke kabisa. Afisa afya wa kata na afisa lishe wawatembelee kwa kuwafundisha, wasiwe wanaonekana siku ya kukamata masufuria tu. Zipo pia shule zilizojenga fremu za maduka kwenye uzio wake na kuzipangisha. Huko shule ndiyo mwenye nyumba. Inaweza kuandika kwenye mkataba wa pango kwamba dukani hapo hakuuzwi soda wala krispi kwa mwanafunzi mwenye sare, na fedha ya pango ianze na sufuria za uji.

Hapo hapo kwenye soda. Chupa ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linapendekeza ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtoto wa miaka minane, chupa ile moja inakaribia kumaliza kiwango cha juu cha siku nzima, kabla hatujahesabu chai ya asubuhi. Pamoja na hayo, mkoani mwetu kuna vibao vya shule vilivyosimama barabarani vikiwa na nembo ya soda kubwa kuliko jina la shule. Naelewa jinsi vilivyokuja: kampuni ilitoa kibao bure, na shule haikuwa na hela ya kibao. Lakini mtoto anapita chini yake kila asubuhi ya maisha yake ya shule, na kinamfundisha. Vipakwe rangi upya. Rangi wazazi tutachangia.

Mengine nayataja kwa ufupi kwa sababu hayana ubishi. Mtoto anahitaji maji ya kunywa shuleni, na sabuni mahali pa kunawia. Dawa za minyoo tunazowapa kwenye kampeni hazina faida ya kudumu kama kesho yake mtoto anakula embe kwa mikono iliyotoka chooni. Anahitaji pia kukimbia. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa umri wa miaka 5 hadi 17 ni wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya mwili ya wastani hadi makali, na viwanja vya shule zetu vinazidi kumegwa kwa majengo na maegesho. Kila mnapoidhinisha jengo jipya ndani ya eneo la shule, ulizeni watoto watachezea wapi.

Bustani ninaiombea mistari miwili. Shule za mjini hazina mashamba kama yale ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, lakini mchicha, sukuma wiki na matembele vinaota kwenye viroba vilivyopangwa ukutani. Havitalisha shule, ila mtoto aliyemwagilia mchicha mwenyewe atauonja.

Nimalizie na fedha. Chini ya mkataba wa lishe, halmashauri hutakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ni uamuzi uliookoa watoto, na ninaushukuru. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alisaini na wakuu wa mikoa mkataba mwingine unaokwenda mpaka mwaka 2030. Naomba mwanafunzi wa shule ya msingi naye awe na kiasi chake kinachotajwa kwa kila kichwa, kwenye kifungu chake, katika bajeti za halmashauri zote tano za mkoa huu, ili diwani aweze kusimama barazani na kuuliza kimetumikaje. Kifungu hicho kianze na majiko, matangi ya maji na chakula cha watoto wasio na wa kuwachangia.

Maandalizi ya bajeti za mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 hufanyika miezi mingi kabla, na kamati zetu za shule huombwa vipaumbele. Safari hii sisi tutaandika jiko kwanza, kabla ya uzio na kabla ya rangi ya ofisi. Naomba mtakapolikuta kwenye makabrasha yenu msilikate. Na mkipata nafasi, njooni shuleni kwetu siku yoyote ya wiki, saa nne kasoro dakika tano, bila msafara na bila taarifa, msimame getini mpaka mapumziko yaishe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati ya shule,
Mbagala, Temeke, Dar es Salaam